Nyundo Iliyonyamaza Chula

Mwezi uliopita magoti yangu yalinistaafisha. Kwenye karamu ya kuniaga yalisemwa mengine, kuhusu utumishi na uaminifu, nami nikayasikiliza kwa adabu huku nikila sambusa. Lakini nyinyi mafundi vijana mlioniona nikijivuta kupanda juu ya mtambo mnajua nani aliyetoa uamuzi. Siku ile mliniuliza jambo ambalo sikulijibu vizuri kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa: fundi anajuaje shida ya haidroliki ya ziada iko wapi, bila ya kufungua kila kitu? Sasa nina wasaa. Naandika kwa Kiswahili cha vitabu, si Kibajuni cha nyumbani wala Kisomali cha gatini, kwa sababu mwenzenu aliyetoka Mombasa amelalamika kwamba nikikasirika hanifahamu.

Kwa asiyeujua mtambo wenyewe: ni kipakiaji kidogo cha magurudumu manne, kile kisichokata kona bali huburura magurudumu yake kama mtoto anayepelekwa chuoni kwa nguvu. Wetu tuliuita Beberu, kwa ajili ya kusukuma kwake na kwa ajili ya harufu yake. Mbele yake unaweza kufunga ndoo ya kuchotea mchanga, ufagio wa kufagia gati, au nyundo ya kuvunjia mawe. Ndoo inainuliwa na mikono ya mtambo wenyewe. Ufagio na nyundo, hivyo vinataka mafuta yenye presha yaletwe mbele kwa mipira miwili. Njia hiyo ya mafuta ndiyo tunayoiita haidroliki ya ziada, na nusu ya mvi zangu zimetoka huko.

Nilipoingia karakana, hapa Kismayo, nilikuwa tayari fundi. Nilikuwa nimetengeneza mashine za boti miaka mingi ufukweni na sikudhani kuna chuma kitakachonishinda. Asubuhi ya kwanza niliambiwa nifunge ufagio. Mipira ile miwili ina vichwa vya kusukuma na kubana, tunaviita koplingi, na kazi ya kuviunga ni ya sekunde mbili. Mimi nilisukuma robo saa. Nilisukuma kwa mikono, nikasukuma kwa kifua, nikavigonga kwa ubao. Mwisho nilipata wazo la kulegeza nati ya upande wa pili, na mafuta yakaniruka kuanzia kofia mpaka kikoi.

Nyuma yangu mtu alikuwa akicheka taratibu, kama anayesoma gazeti. Huyo alikuwa Adeer Warsame, fundi mkuu wetu, Msomali mrefu mwenye sauti ndogo. Kwa Kisomali adeer ni baba mdogo, na mkubwa humwita mdogo wake jina lilelile, kwa hiyo tuliitana adeer miaka yote tuliyofanya kazi pamoja.

"Adeer," akaniambia, "kabla hujapigana naye, ungemwambia atoe pumzi."

Akapanda, akahakikisha injini imezimwa, akafungua ufunguo bila ya kuwasha, kisha akabonyeza kitufe cha haidroliki ya ziada huku na huku mara tatu. Presha iliyokuwa imefungiwa ndani ya mipira ikarudi kwenye tanki. Akashuka, akaunga koplingi kwa vidole vitatu.

Vidole vitatu, kwa sababu cha shahada kilikuwa kimekatwa kwenye fundo. Nilifikiri ni ajali ya mnyororo. Aliponieleza, alinieleza kwa maneno machache: siku moja aliona mpira umelowa, akapitisha kidole kutafuta tundu. Tundu lilikuwa dogo kuliko la sindano, na mafuta yalipenya ngozi bila hata ya kuuma. Jioni kidole kilikuwa cheusi. "Tangu siku hiyo," alisema, "natafuta kwa kadibodi." Na mimi vilevile. Ukishuku uvujaji, chukua kipande cha boksi, kipitishe mbali na mkono wako, boksi litakuonyesha. Nikimkuta mmoja wenu anapapasa mpira wenye presha kwa kiganja, nitarudi kazini siku hiyohiyo, magoti yatake yasitake.

Warsame alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka tukaichoka: anza na kile kisichohitaji spana. Mafuta yamo? Koplingi zimeingia mpaka mwisho, au zimeshikana nusu tu na kufunga njia? Fyuzi ni nzima? Mikono inainua ndoo kwa nguvu? Kama inainua, pampu ni nzima, usiiguse. Yeye aliweza kuzunguka mtambo mzima mikono ikiwa mfukoni, na akirudi alipoanzia alikuwa anajua.

Niliiamini kanuni hiyo, ila sikuifuata sana. Mtu mwenye mkoba wa spana hutaka kuzitumia. Kuna siku ufagio uligoma gatini na mimi nikafungua valvu nzima juu ya meza, kila springi mahali pake, kazi safi kabisa. Warsame alipokuja aliangalia meza, kisha akaenda kuangalia kiti. Dereva wetu, Mohamud, mtu wa mwili na wa kupenda raha, alikuwa ameona kiti kinamchoma kwa joto akaweka ubao juu yake. Chini ya kiti kuna swichi inayojua kama mtu amekaa. Mtu asipokaa, mtambo haupeleki mafuta. Uzito wote wa Mohamud ulikuwa umelala kwenye kingo za kiti, na Beberu, kwa upande wake, aliamini hana dereva.

"Mimi nimepuuzwa na wengi," alisema Mohamud akiutoa ubao wake, "lakini hii ni mara ya kwanza na chuma."

Ilinichukua siku nzima kuirudisha ile valvu.

Miaka ikaenda hivyo. Ufagio uliozunguka kinyumenyume ukamfagilia vumbi mkaguzi mmoja aliyevaa kanzu nyeupe, kumbe mipira imebadilishana nafasi. Waya zililiwa na chumvi; hapa kwetu chumvi ni fundi wa pili, ila hufanya kazi ya kubomoa. Warsame alistaafu kabla yangu, akahamia kwa binti yake upande wa pili wa mji, nami nikapewa ufunguo wa stoo na kiti chake kilichovunjika mguu. Niliamini sasa najua. Ndipo tukaitwa Chula.

Wengi wenu hamjafika Chula. Ni kisiwa cha wavuvi na waunda vyombo, na maji yake matamu hutoka mbinguni. Mvua ikinyesha hukusanywa katika jabia, birika kubwa lililojengwa chini ya ardhi, na hayo ndiyo ya kunywa mpaka mvua nyingine. Jabia la zamani lilikuwa limepasuka. Wenyeji walilizibaziba, likapasuka pengine, na mwisho maji yalikuwa yakiletwa kwa boti, madumu kwa madumu. Iliamuliwa lichimbwe jipya. Tatizo ni kwamba ukichimba Chula, mchanga ni wa kiuno tu. Chini yake ni jiwe la matumbawe, gumu, na wanaume kwa sururu wangelichimba mpaka wajukuu. Kwa hiyo Beberu na nyundo yake walipakiwa kwenye tishari, chombo bapa cha kubebea mizigo, pamoja na Mohamud, mimi, na sanduku langu la spana.

Tishari liliingia kwa maji makuu ya bamvua, likapanda mchangani, Beberu akashuka. Nahodha akatuambia wazi: atarudi kutuchukua bamvua lijalo, wiki mbili, na hataweza kungoja hata siku moja, maana maji yakipungua tishari litakaa juu ya mchanga kama nyumba. Wiki mbili zilitosha. Mawingu ya masika nayo yalikuwa hayajaanza kukusanyika.

Siku nne za kwanza zilikwenda vizuri, na watu wazima walikuja na mikeka kututazama. Siku ya tano, nyundo ikanyamaza. Injini inanguruma, mikono inainuka, Mohamud anabonyeza kitufe, nyundo kimya.

Nilianza na nini? Naona haya kuandika. Nilianza na nyundo. Ni kifaa kizito, ndicho kinachopigana na mawe kutwa, nani angeilaumu pampu? Niliivua, nikaitandikia turubai, nikaifungua yote. Siku mbili. Sikuona kilichovunjika, lakini nilibadilisha mpira wa kuzuia mafuta uliochakaa kidogo, kwa sababu fundi akifungua kitu lazima aoneshe alichokifuata. Asubuhi ya tatu nikaifunga, Mohamud akabonyeza, nyundo ikapiga kama mpya. Watu wakashangilia. Nikaeleza kwa kirefu habari za ule mpira uliochakaa.

Kabla ya adhuhuri ikanyamaza tena, na siku mbili zilizofuata ikawa hivyohivyo.

Wakati huo tulikuwa tunakula kwa Bi Mwanaesha. Huyu ndiye aliyekuwa akiangalia jabia la zamani: yeye ndiye mwenye kata ya kuchotea, yeye ndiye aliyegawa maji, nyumba hii madumu mangapi na ile mangapi, na sikusikia mtu akibishana naye. Alikuwa mama wa makamo, mjane, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Jiko lake lilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye shimo letu, na akipika alikuwa akitutazama sisi kama tunavyotazama mpira wa miguu.

Siku ya tisa alinipakulia wali, akasimama, akasema kwa Kibajuni chake:

"Fundi, hichi kichu chako ni sawa na marehemu mume wangu. Asubuhi kinafanya kazi, adhuhuri kinalala."

Mohamud alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nikasema kwa upole wa kulazimisha, "Bi Mwanaesha, haya ni mambo ya presha."

"Sijui presha. Najua sufuria. Kila siku kinanyamaza ninapoepua wali. Nyinyi mnakwenda kuswali, mkirudi kinapiga kidogo, kisha kinanyamaza. Kikipumzika kinapiga. Kikichoka kinanyamaza. Mchu akikaa hapa jikoni anaona."

Nikamwambia ahsante kwa wali. Nikaenda nikaanza kulegeza mipira.

Nililegeza mpaka alasiri. Lakini maneno yake yalinifuata huku na huku, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba yalikuwa na mpangilio mzuri kuliko yote niliyokuwa nimeyafikiri kwa siku nne. Zilikuwa zimebaki siku tano tishari lirudi. Shimo lilikuwa nusu. Kando ya njia wanawake walikuwa wakipita na madumu kutoka botini, na kila aliyepita aliniuliza kwa heshima, "Fundi, habari ya mtambo?" Ukiulizwa hivyo mara ishirini kwa siku unaanza kuichukia heshima.

Nikapanda kilima cha mchanga kusini mwa kijiji, mahali pekee ambapo simu yangu ya zamani ilishika mtandao, nikampigia Warsame. Nikamweleza yote.

"Umeanza na nini, adeer?"

"Na nyundo."

Nilisikia kijiko kikizungushwa kwenye kikombe cha chai, huko kwa binti yake.

"Na yule mama amesema kinapiga kikipoa?"

"Amesema."

"Mikono inainua mchana?"

"Inainua."

"Basi kwa nini unaniuliza mimi, na una mwalimu hapo hapo?" Kisha simu ikakatika. Mpaka leo sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Kesho yake sikugusa spana. Tuliacha nyundo ipige asubuhi. Nilikaa jikoni kwa Bi Mwanaesha juu ya kigoda, sote wawili tukitazama. Alipoepua wali, nyundo ikanyamaza. Alinitazama tu, akafunika sufuria.

Nikamwambia Mohamud azime injini, afungue ufunguo bila ya kuwasha, abonyeze kitufe na asikiachie. Nikachukua bisibisi nikaisogeza kwenye koili. Koili ni kile kijipipa kidogo juu ya valvu: umeme ukiingia ndani yake kinakuwa sumaku, kinavuta kipini, mafuta yanapata njia. Koili nzima ikipata umeme huivuta bisibisi ing'ang'anie. Hii haikuvuta. Nikapima waya kwa taa ndogo; taa ikawaka, umeme unafika. Nikamwagia koili maji kidogo, nikangoja ipoe, nikasogeza bisibisi tena. Ikanata, tak.

Ndani ya ile koili palikuwa na uzi wa shaba uliokatika. Ukipoa, ncha zake zinagusana. Ukipata joto, zinaachana. Kitu cha ukubwa wa limau kilikuwa kimesimamisha kisiwa kizima, nami nilikuwa nimefungua chuma cha kilo mia tatu kumtafuta mchawi.

"Bi Mwanaesha," nikasema, "ulikuwa na haki. Mimi ndiye sikusikia."

"Ulisikia," akasema. "Hukupenda."

Sasa tulijua ugonjwa, na dawa hatukuwa nayo. Koili mpya ilikuwa Kismayo, kama ilikuwako. Boti kwenda na kurudi, na kuitafuta, siku tatu kwa uchache, bahari ikikubali. Nikapanda tena kilima. Warsame alipokea mara ya kwanza, kama aliyekuwa akingoja.

"Nimeipata. Ni koili. Sina nyingine."

"Nyundo inataka mafuta yaende pande ngapi?"

"Upande mmoja. Yakienda kinyume haipigi."

"Na kitufe chako kina pande ngapi?"

"Mbili," nikajibu, na papo hapo nikajipiga paji la uso. Ufagio unaweza kuhitaji kuzunguka kushoto na kulia, ndiyo maana valvu ina koili mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Zimetengenezwa sawasawa. Kwa nyundo ile ya pili haina kazi yoyote. Ilikuwa imekaa pale tangu siku ya kwanza, nzima, haijachoka, shubiri moja kutoka kwa mgonjwa.

"Adeer?" Warsame akaita. "Uko?"

"Niko. Nashuka."

Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Nati moja juu ya kila koili. Ukizivua, koili zinatoka bila hata tone la mafuta kumwagika. Nikazibadilisha nafasi, nikapaka grisi kidogo kwenye viunganishi vya waya kuzuia chumvi, nikamwambia Mohamud apande. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua likichoma, injini imepata moto, saa ileile ambayo nyundo hulala. Watu walikuwa wameshaacha kuja na mikeka. Alikuwako Bi Mwanaesha tu, amesimama kando ya shimo, mikono kiunoni.

Mohamud akabonyeza. Nyundo ikapiga.

Ikapiga mpaka alasiri, kesho yake ikapiga kutwa. Mohamud hakutaka kushuka. Alikula juu ya kiti, alikunywa chai juu ya kiti, na nilipomwambia apumzike alisema ameshapumzika siku sita kwa ajili ya ufundi wangu. Wanaume wa kisiwa waliingia shimoni na karai kutoa mawe, zamu kwa zamu. Siku ya mwisho, asubuhi ya bamvua, tulipima kina, kikatimia. Saa moja baadaye Beberu alikuwa juu ya tishari, amefungwa kamba, na maji yalikuwa tayari yameanza kuondoka.

Koili ile iliyokatika niliirudisha Kismayo nikaipeleka kwa Warsame. Aliigeuzageuza kwa vile vidole vyake, akaniuliza kama yule mama anatafuta kazi ya karakana. Tulikunywa chai. Tangu siku hiyo nimekuwa na desturi ambayo baadhi yenu mliicheka: nikifika kwenye mtambo ulioharibika, kwanza namuuliza aliyekaa karibu nao. Muuza chai, mlinzi, anayeswaga mbuzi kupita hapo. Namuuliza unanyamaza saa ngapi, na ulikuwa ukifanya nini. Wengi hawajui kitu. Mmoja kati ya watano hujua kuliko mimi, na huyo mmoja ameniokolea mifupa mingi. Kwa hiyo swali lenu la siku ile ya sambusa, jibu langu ndilo hilo: tazama, uliza, gusa, kisha ndipo ufungue. Na ukifungua, uwe na sababu unayoweza kumwambia mtu bila ya kuona haya.

Baada yetu waashi walikwenda Chula wakajenga kuta, wakapiga lipu, wakaezeka. Habari zao sikuzipata kwa muda, nilikuwa na mitambo mingine ya kunisumbua. Siku moja, katikati ya mchana, niko chini ya tumbo la Beberu, simu ikalia. Sauti ilikuwa ya Bi Mwanaesha, lakini maneno yake yote yalimezwa na mshindo kama wa mpira uliopasuka.

"Zima injini!" nikapiga kelele. "Mwambie dereva azime kwanza! Inavuja wapi?"

Nikamsikia akicheka. Alicheka sana, na nyuma yake nikasikia watoto na wanawake wanacheka pia.

"Hakuna kichu kinachovuja, Fundi," akasema. "Ni mvua. Nimekuwekea simu mdomoni mwa jabia. Nyamaza usikie."

Nikanyamaza, nikasikia.